Neno Ambalo Winfrida Hakulisoma

Ugomvi wao ulianza kwa jambo dogo, kama unavyoanza ugomvi mwingi wa watu wanaopendana. Hezekia alichelewa. Winfrida alikuwa amemsubiri juu ya mawe ya Ziwa Singidani mpaka upepo ukazichafua nywele alizozitengeneza asubuhi ile kwa ajili yake, na hata ndege aina ya heroe waliokuwa wakila pembezoni mwa maji walikuwa wameshahamia upande wa pili.

"Nilikuwa kwa mama," Hezekia alisema. Akakaa kando yake, lakini si karibu kama siku zote.

"Na mama amesemaje?"

Hezekia alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu wa kuzunguka vijijini na mkoba wa spana na furushi la kamba. Alizoea mambo yanayofunguka ukiyashika mahali panapotakiwa. Hili hakujua alishike wapi.

"Amesema yale yale," akajibu mwishowe. "Hawezi kumpokea mkwe anayetoka kwenye nyumba iliyomvua nguo mdogo wake."

Winfrida aliinamisha macho. Nyumba hiyo ilikuwa Alizeti Kebo, kituo kidogo cha televisheni alikosoma habari, ambacho Mzee Hirji alikifungua zamani juu ya duka lake la vifaa vya umeme mjini Singida. Enzi hizo watu walikipenda kama wanavyompenda jirani mkweli. Kilitangaza bei ya alizeti na vitunguu, misiba, siku za chanjo, ng'ombe waliopotea na daraja lililokatika. Mwenye shida alipanda ngazi, akasema shida yake, na jioni mji mzima ukaijua.

Kisha magoti ya mzee yakaanza kumsumbua, akabaki chini dukani, na huko juu akaja meneja aitwaye Laurenti. Laurenti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alizitazama chaneli kubwa za habari za kebo zinavyopiga kelele mchana kutwa, akasema na sisi tufanye hivyo. Ukaja utepe mwekundu ulioandikwa HABARI MPASUKO, haukutoka tena kwenye kioo. Ndoa ya msanii ikivunjika, mpasuko. Mbuzi akipanda juu ya paa la baa, mpasuko, wiki nzima. Na siku Dorkas, mdogo wake Mama Hezekia, alipoanguka kifafa katikati ya soko, mtu akamrekodi kwa simu, ile picha ikarushwa jioni, ikarudiwa usiku, chini yake maandishi: MAPEPO YALIPUKA SOKONI.

"Sikuwepo siku ile, Heze. Nilikuwa likizo kwa wazazi Kiomboi. Unajua."

"Mimi najua. Lakini sura iliyobandikwa kwenye bango la kituo ni yako. Mama akipita pale anakuona unacheka." Hezekia akavuta pumzi. "Wini, acha ile kazi."

"Nikiacha mimi, nani atabaki mle ndani wa kusema hapana?"

Hezekia alimgeukia. Macho yake, yale macho ya upole yaliyomfanya Winfrida aanze kumpenda, yalikuwa na huzuni.

"Na wewe umesema hapana lini?"

Hakulisema kwa ukali. Pengine angelisema kwa ukali lisingeuma. Winfrida alisimama, akapangusa gauni lake, akashuka mawe peke yake bila kuaga. Hezekia aliita jina lake mara moja tu. Asubuhi yake akaenda Sepuka, ambako pampu ya kisima ilikuwa imeharibika, na kwa siku zilizofuata hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aanze.

*

Mvua ilikuja katikati ya wiki, mvua nzito ambayo Singida huililia mwaka mzima na kisha huiogopa inapofika. Winfrida alikuwa kwenye chumba cha kujipaka poda, akijiandaa kwa taarifa ya mchana, Laurenti alipoingia na simu mkononi.

"Kubwa hii. Basi dogo la Sepuka, ile kosta, imesombwa korongoni. Wamekufa wote."

Kopo la poda lilimponyoka Winfrida. "Kosta ya Sepuka? Ya leo?"

"Ya asubuhi. Picha hii hapa, inazunguka kwenye magrupu yote."

Jana yake jioni Winfrida alikuwa amejifanya haulizi, akamuuliza fundi mmoja anayefanya kazi na Hezekia kama ile kazi ya Sepuka imekwisha. "Imekwisha," akajibiwa. "Kesho anarudi na kosta ya asubuhi." Alikuwa amelala akitabasamu.

Akaichukua simu yake, akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Yale yale. Akaishika meza.

"Nani amesema wamekufa wote?" aliuliza. Sauti yake ilitoka mbali.

"Watu wanasema. Na wakubwa wa Dar wameshairusha, tazama." Kweli, kwenye televisheni ya ukutani chaneli moja kubwa ilikuwa na utepe wake mwekundu: HAKUNA ALIYENUSURIKA.

"Na wao wamepata wapi?"

"Wini, nitajuaje? Dakika mbili tuko hewani."

"Nina namba ya mtendaji wa kijiji kule. Nipe nafasi nimpigie kwanza."

"Ukimaliza kumpigia, dunia nzima itakuwa imeshasema, sisi tumebaki na bei za vitunguu." Laurenti alimshika bega, karibu kwa huruma. "Wewe soma tu kilichoandikwa. Kikiwa si kweli, tutarekebisha baadaye."

Akaketi. Taa zikawaka. Wimbo wa kufungulia taarifa ukapigwa, na kwenye kioo cha kusomea maneno yakaanza kupanda taratibu mbele ya macho yake: *Simanzi yatanda Singida. Abiria wote wapoteza maisha...* Pembeni ikatokea ile picha, basi limelala ubavu ndani ya maji ya matope. Winfrida aliitazama. Nyuma ya basi, kwenye ukingo, kulikuwa na minazi.

Minazi! Katika mkoa mzima wa Singida ungeutafuta mnazi mpaka uchakae viatu.

"Soma," ilisema sauti ya Laurenti kwenye kifaa cha sikioni. "Wini, uko hewani. Soma."

Wakati ule alimfikiria Hezekia, jinsi alivyoita jina lake mara moja kule ziwani naye hakugeuka. Kisha akawaza jambo ambalo hakuwa amelifikiria kamwe katika miaka yote aliyokaa mbele ya taa zile: mahali fulani mjini humu kuna mama ameketi mbele ya televisheni, na mtoto wake yuko kwenye kosta ile, na huyo mama ananitazama mdomo.

Akaacha kutazama maneno. Akatazama kamera.

"Ndugu mtazamaji," alisema, "kwenye kioo changu nimeandikiwa habari, na sitaisoma, kwa sababu sijui kama ni kweli. Ninachokijua ni hiki. Mvua ni kubwa upande wa Sepuka, na tumesikia kwamba gari limepata tatizo korongoni. Hali ya abiria hatuijui. Picha mnayoiona hapa si ya kwetu. Tazameni ile miti, hiyo ni minazi. Hakuna mtu aliyeko pale aliyetuambia kwamba kuna aliyekufa. Kama una ndugu yako kwenye gari hilo..." Aliishia hapo, akaanza upya. "Kama una mtu wako, nakuomba usianze kulia. Subiri. Tutauliza, na tukijua tutakwambia."

Kelele za Laurenti sikioni zilikuwa kama redio iliyopoteza mawimbi. Taa nyekundu ya kamera ikazimika, na kwenye kioo likaja tangazo la sabuni.

"Umemaliza!" Laurenti aliingia amekunja uso, jasho likimtiririka. "Umetuaibisha. Chukua mkoba wako."

Winfrida alikivua kifaa cha sikioni, akakiweka mezani polepole, akachukua mkoba wake.

*

Alisimama kwenye kibaraza cha duka, mvua ikipiga mabati kwa kishindo, akabonyeza namba ya mtendaji. Mlango wa duka ukafunguliwa nyuma yake.

"Ingia ndani, binti yangu. Hapo hutasikia kitu."

Alikuwa Mzee Hirji, na shali yake mabegani. Televisheni zote za kuuzwa zilikuwa ukutani zinawaka, na zote zilikuwa zinaonyesha tangazo lile lile la sabuni.

"Nimekuona kwenye kila moja ya hizi," mzee alisema. Akachukua rimoti, akazizima, ukuta mzima ukawa mweusi. "Sasa piga."

Simu ya Sepuka iliita kwa muda mrefu, ikapokelewa. Upande wa pili watu walikuwa wakipiga kelele, na nyuma yao maji.

"Mtendaji, shikamoo. Ni Winfrida wa Alizeti. Niambie kuhusu kosta."

"Marahaba. Aa, kosta imekwenda na maji, binti. Ila watu tumewatoa."

"Wangapi mmewatoa?"

"Wote! Nimewahesabu mimi, kondakta naye amewahesabu, tumelingana. Walipanda juu ya paa. Mungu ni mwema, kulikuwa na fundi mmoja wa visima ana kamba ndefu, ameogelea nayo mpaka kwenye mti, akaifunga, ndiyo wakapita nayo mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyevunjika mguu, gogo lilimpiga mwishoni."

Winfrida aliegemea kaunta. "Yuko hai?"

"Hai kabisa. Amekaa hapa anaulizia spana zake."

Hapo machozi yalimtoka, mengi, bila sauti. Mzee Hirji alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Lakini alipojifuta uso, Winfrida hakukimbilia mlangoni. Alipiga tena, kwa muuguzi wa zahanati ya kule, akamuuliza upya kana kwamba hajui lolote. Muuguzi alisema majeruhi aliyepokea ni huyo mmoja wa mguu na watoto wawili waliokunywa maji ya matope, na wote wanaongea.

"Sasa unajua," alisema Mzee Hirji.

"Sasa najua. Lakini nimefukuzwa, mzee."

Mzee alishika ukingo wa ngazi, akaanza kupanda, akitua kila hatua na kuugulia magoti, Winfrida akimfuata na mkono tayari kumdaka. Huko juu Laurenti alisimama haraka.

"Laurenti," mzee alisema akihema, "mpishe asome."

Na Winfrida akasoma. Hakuwa na karatasi wala maneno kwenye kioo. Alisema nani amemwambia na ameona nini. Alisema wote wako hai. Alilirudia neno "wote", kwa ajili ya yule mama asiyemjua aliyekuwa akimtazama mdomo.

*

Hezekia aliletwa mjini, akalazwa, mguu ukafungwa plasta ngumu. Winfrida hakuingia hospitali. Alifika getini siku ya kwanza, akamwona Mama Hezekia kwa mbali na kapu la chakula, moyo ukamrudi nyuma. Alikumbuka siku moja baada ya ibada alipomwamkia mama yule mbele ya watu, na mama akapita kama vile ni upepo tu umevuma. Akarudi nyumbani. Yeye na Hezekia wakabaki na ujumbe wa simu. *Nisamehe*, aliandika Hezekia. *Unisamehe wewe*, alijibu Winfrida. Kisha Jumamosi ukaja mwingine: *Kesho baada ya kanisa uje nyumbani. Mama anakuita.*

Hakueleza zaidi, na Winfrida hakuthubutu kuuliza. Jumapili alivaa gauni lake la kawaida la bluu, akatembea mpaka kwao Hezekia, mtaa wa Mitunduruni, akijisemea kwamba hata kama ni kutukanwa, atamwona Hezekia kwa macho yake.

Aliyemfungulia geti alikuwa Dorkas. Winfrida alimtambua, maana mji mzima ulikuwa umemtambua. Mwanamke wa makamo, mwembamba, kilemba kimefungwa kwa uangalifu, kovu dogo kwenye paji.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Karibu." Dorkas hakutabasamu, lakini alimpokea mkoba.

Mama Hezekia alitokea uani, mikono ina maji, amejifunga kanga kiunoni. Jina lake Marietha, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa ule na kuwaogofya wote. Winfrida alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

Winfrida aliisikia sufuria ikichemka nyuma ya nyumba.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha mama akainama, akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake yenye maji, akamwinua. Akafungua kinywa aseme zaidi, hakuweza. Aligeuka akaingia ndani, huku bado ameushika mkono mmoja wa Winfrida, akimvuta kama mtu anayeogopa mgeni wake asije akaondoka.

Hezekia alikuwa kwenye kochi, mguu umelazwa juu ya mto. Macho yao yakakutana. Walikuwa na mengi ya kuambiana na wote walijua kwamba hapo si mahali pake, kwa hiyo wakatazamana tu. Alikuwa amekonda, ana mchubuko shavuni. Winfrida alitamani kuugusa ule mchubuko kwa ncha ya kidole.

"Umefika," Hezekia alisema.

"Nimefika."

"Kaa pale, mwanangu, nikwambie," alisema Mama Marietha, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi. "Nataka uyasikie kwangu mwenyewe. Siku ile ya mvua nilikuwa hapa hapa napepeta mtama. Jirani akaingia anapiga kelele, 'Mama Heze, washa televisheni!' Nikawasha ile chaneli ya Dar. Imeandikwa hakuna aliyenusurika. Inasema, inarudia, inasema, inarudia. Mimi nilikuwa najua mwanangu yumo."

"Mama," Hezekia alisema taratibu.

"Niache niseme. Sikulia. Nilikauka. Watu wakaanza kuingia, wamejifunga kanga, wanalia. Wakatoa makochi haya nje. Mtu akaenda kuazima turubai. Jamaa mmoja alishakoka moto pale uani, na mtu wa kanisani ananiuliza mazishi yawe lini. Mazishi! Walinizikia mwanangu angali hai." Alipiga kifua chake mara moja, polepole. "Presha ilikuwa imenipanda, sioni vizuri. Ndipo Dorkas akaniita."

Dorkas alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. "Niliisikia sauti yako nyumba ya jirani," alisema. "Chaneli ile sikuwa naifungua tena, unajua kwa nini. Lakini nilikusikia unasema, 'Sitaisoma.' Nikamwambia dada, njoo usikie."

"Nikamfuata," alisema Mama Marietha. "Nikasimama dirishani kwa jirani kama mwizi. Nikakuona. Nilikuwa nakuchukia, mwanangu, Mungu ananiona. Lakini nimefundisha watoto miaka mingi, namjua mtoto anayesema kweli huku anaogopa. Ulikuwa unaogopa, na ulikuwa unasema kweli. Nikarudi hapa nikawaambia, rudisheni makochi, zimeni moto, na turubai la watu likarudi kwao. Wakasema nimechanganyikiwa. Nikawaambia yule binti amesema tusubiri, basi tutasubiri."

Kisha akasema chini, kama anasali.

"Saa ile ilikuwa ndefu. Lakini niliipitisha mwanangu akiwa hai moyoni. Wengine walininyang'anya, wewe ukanirudishia. Na uliporudi ukasema 'wote', nilipiga magoti kwenye matope ya jirani. Asante. Nilitaka nikwambie hivyo tu. Asante."

Winfrida alikuwa ameficha uso kwenye viganja. Alipoweza kusema, alisema, "Mama, hata mimi nilikuwa na mtu wangu kwenye lile gari."

"Najua," alisema Mama Marietha. "Sasa najua."

Wakala. Kulikuwa na ugali wa mtama, mlenda, na jogoo wa kienyeji ambaye, Hezekia alieleza, alikuwa amewekwa kwa ajili ya Pasaka na amekufa kifo cha heshima. Wakacheka, na kicheko kile kilipita ndani ya nyumba kama dirisha limefunguliwa. Dorkas peke yake hakucheka. Alikuwa akiugeuza tonge mkononi bila kulila.

"Wanasema Mzee Hirji anataka urudi," alisema ghafla.

"Ndiyo, mama mdogo. Amenipa chumba cha habari nikisimamie mimi. Laurenti atabaki na burudani. Sijamjibu." Winfrida alimtupia jicho Hezekia. "Kuna mtu aliniomba niache."

"Rudi," alisema Dorkas. Kovu la paji lake liling'aa kwa jasho. "Rudi, na mimi unikalishe pale kwenye kiti. Nataka kusema."

Mama Marietha aliweka bakuli chini. "Dorkas, mdogo wangu, kusema nini? Watu wameshaanza kusahau."

"Hawajasahau, dada. Nikipita sokoni akina mama wanawavuta watoto wao pembeni. Nataka wanione nimekaa, nimevaa vizuri, niseme mwenyewe: mimi ni Dorkas, nina kifafa, nakunywa dawa, sina mapepo. Na ukiona mtu ameanguka, usitoe simu umpige picha. Mlaze ubavu, ukae naye." Alimgeukia Winfrida. "Utaniruhusu niseme hivyo? Bila ule utepe mwekundu?"

"Utasema mpaka utakapomaliza," alisema Winfrida. "Nami nitakaa kando yako."

Dorkas aliitikia kwa kichwa, kisha akalila lile tonge.

Walipomaliza, Mama Marietha alikusanya vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. "Dorkas, njoo unisaidie huku nje," alisema, na mlango wa uani ukafungwa nyuma yao.

Walibaki wawili. Winfrida alihama kiti, akaketi ukingoni mwa kochi, akaugusa ule mchubuko wa shavuni kwa ncha ya kidole.

"Unauma?"

"Ulikuwa unauma." Hezekia aliushika mkono wake, akauacha pale pale shavuni. "Wini, nilikuwa nimejishika kwenye ule mti, maji yananivuta, na nilichokiwaza ni kwamba nilikuacha ushuke yale mawe peke yako. Nikasema nikitoka hapa sitamwomba tena aache kitu. Nitamwomba tu aniache niwe karibu."

"Uliniuliza nimesema hapana lini."

"Nilikosea kuuliza vile."

"Hukukosea. Niliumia kwa sababu sikuwa na jibu." Alitabasamu, machozi bado yamelowesha kope. "Nilipofungua mdomo siku ile, Heze, sikujua kama uko hai au umekufa. Nilijua tu kwamba sitaki kuwa wa kwanza kukuua."

Hezekia alivuta kile kiganja kutoka shavuni mpaka midomoni, akakibusu katikati, taratibu, akafumba macho. Huko nje kuku walikuwa wakigombania makombo, na sauti ya mtangazaji wa mpira ilikuwa ikitoka kwa jirani. Winfrida aliegemeza kichwa chake begani kwa Hezekia, akahisi pumzi yake inapanda na kushuka. Kwa muda ule hakuhitaji kitu kingine duniani.

Mlango ulibishwa. Mama Marietha, ambaye hajawahi kubisha mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe, alisubiri mpaka alipokaribishwa.

"Wazazi wako Kiomboi wako nyumbani Jumamosi ijayo?" alimuuliza Winfrida.

Winfrida alijiweka sawa haraka. "Watakuwepo, mama."

Hezekia aliinuka kwa kiwiko. "Mama, unamtuma mshenga? Baba mkubwa yuko safari, na mimi na mguu huu..."

"Nani kasema habari ya mshenga?" Mama Marietha alifungua kabati, akatoa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, akakipima begani mbele ya kioo. "Mshenga atakuja wakati wake, na posa itakwenda kwa utaratibu. Lakini siwezi kuanza na kuomba kwa watu ambao mtoto wao amenipa mwanangu. Jumamosi napanda basi mwenyewe, mimi na Dorkas. Nitaingia kwa mama yake, nitapiga magoti, nitamshukuru kwa kumzaa huyu binti."

Akakikunja kitenge, akakiweka mapajani mwa Winfrida ili amshikie.

"Nikimaliza kushukuru," alisema, "ndipo nitaomba."